Spika ya Nyuma, Kushoto

Ensio ametandaza karatasi ya miraba mezani
na kuusukuma kando mkate wangu.
Kila mraba, anasema, ni sentimita kumi za sebule.
Jiko la kuni ni kisanduku chenye msalaba.
Mimi ni duara lenye herufi H,
nimewekwa katikati kama bibi harusi;
yeye ni duara dogo kushoto kwangu,
anakokaa siku zote.

Saa tisa alasiri, na Tampere imeshaingia giza.
Theluji inadondoka, haina haraka.

Kompyuta itakaa kabatini
ilipokuwa cherehani, haina feni,
kimya kama paka anayevizia panya.
Kadi ya sauti ina matundu manane:
saba ya spika, la nane la besi.
Spika ya katikati ni ya maneno.
"Hutaniuliza tena kasema nini," anasema.
Besi itakaa mbali na ukuta wa Pirkkoliisa,
maana yule mama akikohoa tu tunamsikia,
naye, bila shaka, anatusikia tukinyamaza.

Lakini kinachomkosesha usingizi ni kuchelewa.
Sauti, ananieleza, penseli nyuma ya sikio,
haifiki tu: hutembea.
Spika ya karibu itawahi, ya mbali itachelewa,
na neno moja litakuingia vipande vipande.
Basi kompyuta itaifunza ile ya karibu kungoja,
milisekunde mbili, milisekunde nne na nusu,
mpaka zote zibishe hodi kwa pamoja.

Nikacheka. Miaka thelathini na minane ya ndoa
hujaningoja hata siku moja njiani na ski zangu,
leo unayafunza subira masanduku ya mbao?

Hakucheka.
Alikuwa anagawanya kwa thelathini na nne.

Jumamosi akaja na saa ya kengele,
ile ya bati, inayogonga kama fundi viatu.
Fedha ya spika haijatimia; saa itashika zamu.
"Fumba macho, Hilkka. Ukiisikia, nyoosha mkono."
Mbele kulia. Mkono.
Katikati. Mkono.
Mbele kushoto: nikageuza shingo kidogo, kwa ujanja. Mkono.
Ubavuni, nyuma kulia. Mkono, mkono.
Kisha
hakuna.

Mitambo ya kufuma ililichukua sikio langu la kushoto
zamu kwa zamu, miaka kumi na tisa,
bila kunipa risiti.
Nilimwambia Ensio limepungua.
Sikumwambia limekwisha.

Nikangoja. Ubao wa sakafu ukabonyea chini ya unyayo wangu;
uzito ule naujua.
Nikanyoosha mkono.

"Vizuri," akasema.
Nilipofumbua macho alikuwa amesimama pale pale,
nyuma kushoto, mikono mitupu.
Saa ilikuwa mfukoni mwake, ndani ya glovu ya sufu,
mishale imesimama.

Hatukusema kitu. Kahawa ilikuwa tayari, tukanywa.

Asubuhi nikaikunjua karatasi kabla hajaamka.
Spika ya nyuma kushoto imefutwa
kwa raba, kwa nguvu, karatasi imetoka manyoya.
Mshale mpya unaanzia tundu la saba,
unapita chini ya zulia, unapanda mguu wa kiti,
na chini ya duara langu ameandika
kwa ule mwandiko wake wa ankara:
sahani ya mtetemo, skrubu nne, asikie kwa mgongo.
Kando yake bei.
Kando ya bei, alama ya kuuliza.

Hatujanunua hata waya.

Nikaichukua raba nami.
Nikalifuta duara langu, nikalichora upya
kushoto kwa duara lake, miraba sita,
ili yeye awe upande unaosikia.

Sasa itabidi apige hesabu zote upya.